Kadi za kompyuta zinazopozwa kwa maji: Faida inatiririkia kwa nani?

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

WAPO wapenzi wa kompyuta ambao hununua kadi moja ya grafiki kwa dola 1,999 za Marekani, kisha wakaongeza mamia ya dola nyingine ili kadi hiyo ipozwe kwa maji. Mfanyabiashara anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hujiuliza kwa nini yeye hajaingia katika soko hilo. Walaji wapo, fedha wanazo, na bei hawaiogopi.

Lakini ukifuatilia mahesabu ya soko hilo tangu mwaka 2014 utakuta mambo ya kushangaza. Kampuni moja iliyokuwa na sifa kubwa ya kuuza kadi hizo imeacha kabisa kuzitengeneza. Nyingine, inayojulikana dunia nzima kwa vifaa vya kupozea, ilifika mahali pa kukiri hadharani kuwa imechelewesha malipo ya wanaoidai. Faida nono imekwenda kwingine. Makala haya yanaeleza ilikokwenda, na mambo ambayo mwenye duka au mwekezaji mdogo anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha mfukoni.

KWA NINI MAJI?

Kadi ya grafiki ni kile kibao ndani ya kompyuta chenye chipu inayochora picha unazoziona kwenye skrini. Wacheza michezo ya kompyuta, wachoraji wa ramani za majengo na watengenezaji wa filamu ndio wateja wake wa siku zote. Kadri chipu inavyofanya kazi kubwa, ndivyo inavyokula umeme mwingi, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto.

Jedwali hili linaonyesha kadi za juu za kampuni ya Nvidia ya Marekani, bei zilizotangazwa wakati zinaingia sokoni, na umeme unaotumika:

GTX 1080 Ti (2017): dola 699, wati 250
RTX 2080 Ti (2018): dola 999, wati 250
RTX 3090 (2020): dola 1,499, wati 350
RTX 4090 (2022): dola 1,599, wati 450
RTX 5090 (2025): dola 1,999, wati 575

Msomaji ataona kuwa katika miaka minane bei imekaribia kuwa mara tatu, na umeme umezidi mara mbili. Mtu anayeitumia kadi ya wati 575 kwa nguvu zake zote saa nne kila siku, kwa mwezi wa siku 30 atakuwa ametumia uniti 69 za umeme kwa kadi hiyo peke yake.

Joto hilo lazima liondolewe. Hapa ndipo maji yanapoingia, kwa kanuni ile ile ya gari. Bamba la shaba lenye mifereji myembamba hukaa juu ya chipu, pampu husukuma maji yapite ndani yake, na maji yaliyopata moto huenda kwenye rejeta yenye feni. Lita moja ya maji ikipita kwa dakika moja inaweza kubeba joto lote la wati 575 huku ikiongezeka nyuzi joto nane tu. Kubeba joto hilo hilo kwa hewa, kwa ongezeko hilo hilo la nyuzi, kunahitaji takriban lita 3,500 za hewa kwa kila dakika. Ndiyo maana kadi ya feni huvuma kwa kelele inapobanwa na kazi, wakati ile ya maji yaweza kuwa tulivu.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba maji hayamezi joto likatoweka. Yanalihamisha tu kutoka kwenye chipu hadi kwenye rejeta, na rejeta hulimwaga katika chumba kile kile. Maji hayo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ambaye chumba chake kina nyuzi 32, mfumo huo hautafanya kazi kama ulivyopimwa katika maabara yenye kiyoyozi huko Ulaya. Muuzaji mwaminifu humweleza mteja jambo hilo kabla ya kupokea fedha.

BEI YAPANDA, KASI YASUASUA

Kadi iliyofungua macho ya wengi ni Radeon R9 295X2 ya kampuni ya AMD, iliyotoka Aprili 2014 kwa dola 1,499. Ilikuwa na chipu mbili katika kibao kimoja, ikala wati 500, na ikaja na pampu na rejeta kutoka kiwandani. Mwaka uliofuata AMD ikatoa R9 Fury X kwa dola 649, nayo ya maji. Agosti 2017 ikafuata Vega 64.

Hiyo Vega 64 ni mfano mzuri kwa mtu wa biashara, kwa sababu ilitoka kwa namna mbili. Ya feni ilitangazwa kwa dola 499. Ya maji iliuzwa katika kifurushi cha dola 699. Chipu ilikuwa ile ile. Kasi ya juu iliyotangazwa ilikuwa megahezi 1,546 kwa ya feni na 1,677 kwa ya maji. Maana yake ni kwamba mnunuzi alilipa asilimia 40 zaidi akapata nyongeza ya kasi isiyofika asilimia 9, pamoja na utulivu wa sauti.

Wapo waliolipa na bado wapo wanaolipa. Mpenzi wa kompyuta hapigi hesabu ya dola kwa megahezi. Ananunua ukimya, uzuri wa mabomba yanayong'aa, na fahari ya kuwa na kitu ambacho jirani hana. Lakini soko la fahari lina tabia moja: mteja hufuata kitu kipya. Kadi ya juu ikishapitwa, fahari yake hushuka siku ile ile.

MALI INAYOKUFA NA MODELI YAKE

Hapa ndipo penye mtego kwa mwenye duka. Lile bamba la shaba linalokaa juu ya chipu, ambalo mafundi huliita bloki ya maji, hutengenezwa likae sawasawa juu ya kibao cha modeli moja. Bloki ya RTX 3090 haiingii kwenye RTX 4090. Hata kadi mbili zenye jina moja, zikiwa zimetoka viwanda viwili tofauti, huenda zisitumie bloki moja kwa sababu vipande vimepangwa tofauti juu ya kibao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara anaagiza bloki 40 za modeli moja kwa dola 200 kila moja, jumla dola 8,000. Katika miezi ya mwanzo anauza 25 kwa dola 250. Amepata faida ya dola 50 kwa kila moja, yaani dola 1,250, na moyo wake umetulia. Kisha modeli mpya inatangazwa. Bloki 15 zilizobaki, zilizomgharimu dola 3,000, hazina tena mtu wa kuziuliza. Anaziuza kwa dola 80 ili apate nafasi ghalani, anapata dola 1,200. Hapo amepoteza dola 1,800. Ukitoa ile faida ya mwanzo, amemaliza mzunguko akiwa na hasara ya dola 550, kabla hajalipa kodi ya pango wala usafiri. Na huyu ni mtu aliyeuza zaidi ya nusu ya mali yake kwa bei kamili.

Linganisha na mwenzake aliyeweka fedha zake kwenye rejeta, feni, pampu, mipira na maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Vitu hivyo havijui kadi gani imetoka mwaka huu. Rejeta ya mwaka 2018 inafungwa kwenye kompyuta ya leo. Faida yake kwa kila kipande yaweza kuwa ndogo, lakini mali yake haichachi.

Yaliyotokea Slovenia yanafundisha. Kampuni ya EKWB, iliyoanzishwa na Edvard König, ilijijengea jina kubwa kuliko nyingi katika bloki za maji. Aprili 2024 ziliibuka taarifa kuwa wafanyakazi, wakandarasi na wauzaji wa malighafi walikuwa wanaidai, na kampuni yenyewe ikakiri kuwa malipo yalichelewa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika taarifa hizo ni mrundikano wa bidhaa ghalani. Sifa ya bidhaa haikuwa na tatizo. Wapenzi wa kompyuta waliendelea kuitamani. Lakini shaba iliyolala kwenye rafu hailipi mishahara.

MWENYE CHIPU NDIYE MWENYE BEI

Swali la pili ambalo mfanyabiashara lazima alijibu ni hili: katika mnyororo huu, nani anapanga bei?

Nvidia na AMD husanifu chipu. Viwanda vya wengine, hasa TSMC ya Taiwan, huzitengeneza. Kisha kampuni kama ASUS, MSI na Gigabyte hununua chipu hizo, huziweka kwenye vibao vyao, huongeza feni au rejeta na kuzipeleka madukani. Mnunuzi huona jina la mtengenezaji wa kadi kwenye boksi, lakini moyo wa kadi, na sehemu kubwa ya gharama yake, umeshikwa na mwenye chipu.

Kampuni ya EVGA ya California, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa sana na wapenzi wa kompyuta. Iliuza kadi za feni, kadi zenye pampu na rejeta kutoka kiwandani, na nyingine zilizokuwa na bloki ya maji tayari. Septemba 2022 ikatangaza kuwa haitatengeneza tena kadi za grafiki. Ilielezwa wakati huo kuwa kadi zilileta karibu asilimia 80 ya mapato yake. Mtu anaweza kudhani ni wazimu kuacha asilimia 80 ya biashara. Lakini mapato si faida. Malalamiko yaliyotolewa ni kuwa kampuni haikuambiwa mapema bei za chipu wala bei za sokoni, na kwamba Nvidia yenyewe iliuza kadi zake kwa bei ambayo mshirika asingeweza kuifikia bila kuumia. Pawasaplai, kitu kisichosifiwa na mtu, ndicho kilichoipa EVGA faida bora zaidi kwa kila dola iliyouzwa.

Mwenye chipu anaweza pia kubadilisha haja yenyewe ya maji. Januari 2025 Nvidia ilipotangaza RTX 5090 yenye wati 575, wengi walidhani lazima kadi ya namna hiyo ije na rejeta. Kadi iliyotengenezwa na Nvidia yenyewe ikatoka na feni mbili, nyembamba kuliko iliyotangulia, inayokaa katika nafasi mbili tu za kompyuta. Kwa siku moja hoja ya muuzaji wa maji kwamba "bila maji haiwezekani" ilipungua nguvu. Ikabaki hoja ya ukimya na uzuri.

MWENYE HATAZA NAYE HUPATA CHAKE

Yupo mwingine anayekula bila kupika: mwenye hataza. Kampuni ya Asetek ya Aalborg, Denmark, ilianzishwa mwaka 2000 na André Sloth Eriksen, ikaanza na mashine za kupozea kompyuta za wapenzi wa kasi. Baadaye ikajikita katika mfumo unaounganisha pampu na bamba la kupozea katika kipande kimoja kilichofungwa kiwandani, ambacho mnunuzi hafungui wala haongezi maji. Iliuza hisa zake katika Soko la Hisa la Oslo mwaka 2013, na ndiyo iliyotengeneza mfumo wa maji wa ile R9 295X2.

Desemba 2014 baraza la mahakama huko California liliamua kuwa tawi la Cooler Master nchini Marekani lilikiuka hataza za Asetek. Fidia iliyotolewa ilikuwa dola 404,941, ikipigiwa hesabu kwa mrabaha wa asilimia 14.5. Fedha hizo si nyingi kwa kampuni za kimataifa, lakini asilimia hiyo inatisha. Mtengenezaji ambaye faida yake halisi ni asilimia kumi au chini ya hapo hawezi kutoa mrabaha wa asilimia 14.5 akabaki salama. R9 Fury X ya AMD ilitumia pampu ya Cooler Master, na baadaye Asetek iliitaka AMD iache kuiuza.

Fundisho kwa mwagizaji ni kwamba bidhaa yaweza kuwa nzuri, ina wateja, na bado ikaondolewa sokoni kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili usiowajua.

WAPI FEDHA ZIMEHAMIA

Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2020, Nvidia ilipata mapato ya takriban dola bilioni 10.9. Kati ya hizo bilioni 5.5, yaani nusu, zilitoka kwa michezo ya kompyuta. Katika mwaka ulioishia Januari 2025 mapato yalifika dola bilioni 130.5. Vituo vya data vilileta bilioni 115.2. Michezo ilileta takriban bilioni 11.4, chini ya asilimia 9 ya jumla. Mpenzi wa kompyuta hakuacha kununua. Amenunua mara mbili ya zamani. Ila mteja mwingine amekuja na mfuko mkubwa mno.

Mteja huyo, anayejenga mashine za akili mnemba, naye anahitaji maji, tena si kwa fahari. Machi 2024 Nvidia ilitangaza kabati moja lenye chipu 72 za grafiki, liitwalo GB200 NVL72, linalotumia takriban kilowati 120. Ni kama kuwasha pasi 120 za wati 1,000 ndani ya kabati moja. Feni haziwezi kulipoza. Limesanifiwa kwa maji tangu mwanzo.

Wenye mitaji wameliona hilo. Oktoba 2024 Schneider Electric ya Ufaransa ilitangaza kununua asilimia 75 ya Motivair, kampuni ya Marekani inayotengeneza mifumo ya maji ya vituo vya data, kwa dola milioni 850. Hesabu hiyo inaithamini Motivair nzima kwa zaidi ya dola bilioni 1.1. Bamba la shaba, pampu na mifereji ni teknolojia ile ile inayotumiwa na kijana anayejenga kompyuta ya michezo chumbani. Aliyebadilika ni mnunuzi. Wa kwanza hununua akipenda, wa pili hununua kwa sababu mashine yake haiwaki bila maji.

TAHADHARI KWA MWENYE HISA

Kampuni zilizotajwa hapa hazimo katika masoko ya hisa ya Dar es Salaam wala Nairobi, na anayetaka hisa zake analazimika kupitia wakala wa nje, pamoja na gharama na sheria za fedha za kigeni zinazohusika. Hilo pekee linatosha kumfanya mwekezaji mdogo asiende mbio.

Lipo na jambo la wakati. Corsair, kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya wapenzi wa kompyuta vikiwamo vya maji, ilileta hisa zake kwa umma Septemba 2020 kwa dola 17. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, na kila mmoja alitaka kompyuta. Kabla mwaka haujaisha hisa ilikuwa imepita dola 40. Mwaka 2022 ilishuka chini ya zile dola 17 za kuanzia. Aliyenunua kwa kufuata shangwe alipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake, ingawa kampuni iliendelea kuuza bidhaa zile zile kwa wateja wale wale.

NA ANAYETAKA KUUZA MITUMBA?

Septemba 15, 2022 sarafu ya Ethereum ilibadilisha mfumo wake na kuacha kuhitaji kadi za grafiki katika uchimbaji. Kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia katika soko la mitumba, na waagizaji wa huku nao hukutana nazo.

Kwa kadi ya feni, fundi yeyote mwenye bisibisi hubadilisha feni iliyochoka. Kadi ya maji iliyofungwa kiwandani ni habari nyingine. Pampu ni mashine inayozunguka na siku moja husimama. Maji hupungua polepole kupitia mipira hata pasipo tundu. Na ikiwa mtu aliwahi kuunganisha rejeta ya alumini na bloki ya shaba, metali hizo mbili hulana ndani ya maji na kuacha uchafu unaoziba mifereji. Vipuri vya modeli ya zamani ni vigumu kupatikana.

Kwa hiyo anayenunua kadi ya maji iliyotumika aiwashe na kuipa kazi nzito kwa nusu saa. Asikilize pampu kama inakoroma, na atazame kipimo cha joto kama kinapanda bila kusimama. Mpira mmoja ukiwa moto sana na mwingine baridi kabisa wakati kadi inafanya kazi, maji hayazunguki. Bei ya kadi hiyo isizidi ya feni yenye chipu ile ile. Kwa mitumba, maji ni hatari ya ziada wala si thamani ya ziada.

Kwa mwenye duka linalotaka kuanza na bidhaa mpya, utaratibu ulio salama ni huu: bloki za modeli moja aagize kwa oda ya mteja aliyekwisha kulipa amana, na rafu zake azijaze rejeta, feni, mipira na maji. Kisha atazame kalenda. Kadi za juu zilizoorodheshwa hapo mwanzo zimepishana kwa mwaka mmoja na nusu hadi zaidi kidogo ya miwili. Anayeagiza mzigo mkubwa wa modeli iliyokwisha kukaa sokoni miezi 18 ananunua mali ambayo huenda ikapitwa kabla meli haijatia nanga.